Picha za Kizamani na Pazia la Studio

Mama mmoja wa Kongowea alitujia baada ya darasa na jambo lililomkosesha usingizi. Binti yake, aliye karibu kuolewa, ataka apigwe picha kwa mavazi ya zama za bibi yake: leso, vipuli, kikuba cha asumini, na gauni la marinda alilolichambua mwenyewe katika mitumba ya soko la Kongowea. Je, yafaa?

Katika mavazi yenyewe hatukuona ubaya. Leso ni zetu. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, limekuwa Mombasa tangu mwaka 1887. Tulimshauri binti avae doti kamili, si kipande kimoja, na aipige pasi mapema, kwani mikunjo huonekana pichani kuliko machoni. Gauni la mtumba lifuliwe na kuanikwa kwanza. Vipuli aazime kwa bibi yake, na pamoja navyo asikilize hadithi yake. Na akipata buibui la ukaya, lile la kufungwa kwa kamba, asilichukue kama kichekesho. Mama zetu walilivaa kwa heshima.

Kuhusu picha, wanavyuoni wametofautiana tangu kamera ilipoingia, nasi hatutaufungua mlango huo leo. Swali lililotushughulisha ni jingine: nani ataitazama?

Wazee wetu walikwenda studio pia. Studio ya Parekh ilifunguliwa Mombasa mwaka 1942 ikafanya kazi hadi miaka ya 1980, na wanawake wa Kiislamu walikuwa miongoni mwa wateja wake. Walijipamba, wakaiga mikao ya nyota wa filamu za Kihindi (naam, hao hao bibi zetu wanaotukataza televisheni), kisha wakarudi nyumbani na picha. Wengi waliitia kasha, ikaonwa na mume, dada na shoga. Pazia lile halikuwa kamilifu: mpiga picha mwenyewe alikuwa mwanamume, na baadhi ya picha za studio hiyo leo zimo vitabuni. Lakini nia ilikuwa sitara.

Binti wa leo huiga leso akaliacha kasha. Picha hupigwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri imo katika ukurasa wa mpiga picha, ikitangaza biashara yake. Ikishatoka haivutiki kurudi, hata ndoa ikifungwa na mume akichukia, hata mwenyewe akijuta.

Basi tulimwambia mama huyo amtafute mpiga picha mwanamke, wapatane kwa maandishi kabla ya malipo kwamba hakuna picha itakayotumwa popote bila idhini, na kwamba zitafutwa katika kamera baada ya kukabidhiwa. Picha za kuonwa na wageni zipigwe kwa hijabu kamili. Zile za nywele na vipuli zichapishwe karatasini, zikae na mwenyewe.

Walikubali, ila binti alinuna siku mbili. Picha zimekwishatoka. Tumeambiwa bibi alizitazama moja moja kwa miwani, akanyamaza kitambo, kisha akasema leso imefungwa juu chini, jina halisomeki, na kwamba zama zake mtu angechekwa mtaa mzima.