Simu ya fedha nayo ichanjwe

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Kibaha na Kisarawe,

Kila mfugaji anajua kuwa chanjo ya kideri hutolewa kabla ugonjwa haujaingia bandani, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukisubiri kuku waanze kupinda shingo, umechelewa. Maoni yangu ni kwamba simu tunayopokelea fedha za mihogo, mayai na korosho inastahili utaratibu huohuo.

Ndani ya simu janja kuna kiini kinachoendesha kila kitu, mafundi hukiita kerneli. Programu zote, hata za kuzuia virusi, zimesimama juu yake. Kiini kikiwa na tundu, programu ya ulinzi ni kama mlinzi aliyekaa mlangoni mwa ghala huku mwizi akipita chini ya msingi. Dawa ni kuziba tundu lenyewe, na ndiyo kazi ya apdeti anayotuma mtengenezaji.

Mfano upo. Oktoba 2016 lilitangazwa tundu lililokaa kwenye kerneli ya Linux tangu 2007, likapewa jina Dirty COW. Simu za Android hutumia kerneli hiyo, na kiraka chake kwa Android kilitoka Desemba 2016. Hata hivyo, Septemba 2017 iliripotiwa programu ya kihalifu iitwayo ZNIU, ikipita kwenye tundu lilelile. Dawa ilikuwepo kwa miezi tisa, ila simu nyingi hazikuwa zimeipata.

Wengi mnaahirisha apdeti kwa sababu ya bando. Ni kweli bando ni gharama, lakini pima gharama hiyo na floti ya wakala au malipo ya msimu mzima. Ndiyo maana nasema AMCOS na vikundi vitenge fedha kidogo za intaneti, wanachama waje ofisini kuapdeti simu zao.

Fanya hivi:

1. Chaji simu ipite nusu.
2. Ingia setingi, tafuta sehemu ya apdeti ya mfumo, na uangalie tarehe ya apdeti ya mwisho ya usalama.
3. Wakala, fanya jioni ukishafunga kibanda, maana simu itajizima na kujiwasha.
4. Usipakue apdeti kwa linki ya WhatsApp.
5. Kabla ya kununua simu, mpya au ya mkononi, uliza kama bado inapata apdeti. Kama haipati, laini ya fedha iweke kwenye kitochi.

Kuku aliyechanjwa bado anaweza kubebwa na kicheche. Vivyo hivyo, apdeti haitamsaidia anayempa mtu namba yake ya siri. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" usiujibu, uripoti kwenda 15040.

Leo mkimaliza kazi za shamba, angalieni tarehe hiyo. Kazi njema.