Nachingwea haikufundisha bunduki tu

Muulize kijana wa mjini Nachingwea kuna nini. Akijitahidi sana atakutajia korosho. Muulize Kongwa, atasema ranchi ya ng'ombe. Hajakosea. Ila kuna jambo jingine kubwa lililofanyika sehemu hizo mbili, nasi tumeliacha libaki sentensi moja ya hotuba: Tanzania ilisaidia ukombozi wa kusini mwa Afrika. Tunapiga makofi, tunakwenda kula ubwabwa.

Mimi nasema sentensi hiyo haitoshi. Haielezi kambi zile zilifundisha nini, wala zilituachia nini.

Historia kidogo, kwa wale waliokuwa wanasinzia darasani. Kongwa na Nachingwea ni sehemu ambazo Waingereza walijaribu kulima karanga kwa matrekta kuanzia mwaka 1947. Mradi ukafa 1951. FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, kikapewa kambi Kongwa mwaka 1964, na baadaye Nachingwea ikawa kambi yake kuu ya mafunzo. Kongwa walipita pia wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia. Ardhi iliyomshinda mkoloni kuotesha karanga ikaotesha watu wa kumng'oa!

Sasa fikiria kazi yenyewe. FRELIMO ilianza vita tarehe 25 Septemba 1964 kwa kushambulia kituo cha utawala cha Chai (ndiyo, kinaitwa Chai) huko Cabo Delgado. Ilikuwa na wapiganaji waliofunzwa wapatao 250. Mreno alikuwa na ndege, magari na maelfu kwa maelfu ya askari. Mpiganaji akishavuka mto Ruvuma na kuingia ndani ya eneo la adui, chakula chake kiko kwa mkulima. Risasi zake zinabebwa vichwani na wanakijiji. Habari za Mreno kapita wapi anazipata kwa mama aliyekwenda kuteka maji. Mkulima mmoja tu akimchukia, kesho yake ni maiti.

Ndiyo maana kulenga shabaha na kutega mabomu ilikuwa sehemu moja tu ya mafunzo. Samora Machel, aliyekuwa amefunzwa Algeria, aliongoza mafunzo Kongwa na kisha Nachingwea, na alishikilia kwamba askari alime, asome na aishi na watu. Wengi walifika hawajui kusoma. Mmakonde wa kaskazini na Mshangana wa kusini waliwekwa pamoja, wakalima shamba moja, wakala chungu kimoja. Kuanzia 1967 wasichana nao wakafunzwa kijeshi, na hao ndio walioweza kukaa na akina mama vijijini wakasikilizwa. Mreno alilielewa somo hilo vizuri. Alianza kuwahamishia wanakijiji kwenye vijiji vyenye ulinzi, ili kumtenga mpiganaji na watu wanaomlisha.

Hadi hapo ni hadithi nzuri, na hapo ndipo hotuba huishia. Lakini ngoja.

Anayeishi katikati ya adui lazima ajifunze kushuku. Mgeni anaweza kuwa jasusi. Anayeuliza sana anaweza kuwa ametumwa. Vitani shaka hiyo huokoa maisha, na sababu zilikuwepo: Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa hapa hapa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Balaa huja pale vita inapokwisha na shaka ikabaki.

Mwaka 1975, Msumbiji ikiwa mlangoni mwa uhuru, Uria Simango alisimamishwa Nachingwea mbele ya watu asome maneno ya kukiri kuwa ni msaliti. Huyu alikuwa makamu wa rais wa chama hicho hicho. Baadaye yeye na wengine, akiwemo Joana Simeão, waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Nachingwea iko Lindi, jamani. Kitendo kile cha kumdhalilisha kilifanyika kwenye ardhi yetu.

Najua kuna watakaosema nawachafua mashujaa. Siwachafui. Nawaheshimu waliovuka Ruvuma, na ninawaheshimu pia watu wa Mtwara na Ruvuma waliokaa jirani na vita ya watu wengine na kulipia ujirani huo. Ninachosema ni kwamba kambi ile ile iliyomfundisha mtu kumsikiliza mkulima ilimfundisha pia kumwona mwenzake mwenye mawazo tofauti kuwa ni adui. Tukisimulia la kwanza na kulificha la pili, tutashindwa kuelewa kwa nini vyama vilivyoleta uhuru mara nyingi vinapata taabu kuvumilia upinzani.

SADC ilitoa vitabu 9 vya historia ya ukombozi mwaka 2014, kazi iliyobeba jina la Brigedia Hashim Mbita. Mbita mwenyewe alifariki mwaka uliofuata. Vitabu vipo, wazee wanaondoka. Tunaojiita wasomi tunazijua sinema za Vietnam kwa majina ya waigizaji, lakini mzee wa Nachingwea aliyewauzia muhogo wapiganaji hatujamuuliza kitu.

Tukamuulize sasa, mazuri na mabaya. Au tunasubiri azikwe ndipo tumwandikie rambirambi?