Chungu cha Kwale na Nyumba Yenye Watoto Wengi

Daftari la wiki, Waa

Wanaakiolojia wakizungumzia wakulima na wafua chuma wa mwanzo wa pwani hii, jina wanaloanza nalo ni Kwale. Miaka ya 1960 Robert Soper alichimba kule juu Kwale, akafukua vigae vya vyungu vilivyokadiriwa kuwa vya karne ya 3 BK. Midomo ya vyungu hivyo ni minene, imekatwa mshazari na kuzungushiwa mifuo, alama ambayo mtaalamu huitambua hata akiokota kipande kisichojaza kiganja. Vya namna hiyo vilionekana baadaye Usambara na Upareni, na jamaa zake wa karibu wakafuatwa hadi Msumbiji. Vyote hivyo huitwa ufinyanzi wa Kwale. Mtoto wa Waa akitaka kufika mji uliovipa jina, anashuka Kombani na kupanda matatu nyingine ya mlimani. Lakini mwulize historia ya kale, atakutajia Misri na piramidi zake. Misri ni haki yake aijue. Inaniuma kwamba Kwale haijui.

*

Ndiyo maana nilifurahi juzi kukaa uani mwa nyumba moja hapa Waa, chini ya mwembe, nikitazama kundi la watoto wakifinyanga. Walikuwepo watoto wa mama mwenye nyumba, wa dadake, wa wifi yake na wengine wa jirani, kuanzia wa chekechea hadi kijana wa sekondari aliyeota ndevu. Ni likizo, na likizo ya nyumba kama hiyo ni shule kamili isiyo na kengele.

Nilimuuliza mama huyo alianzaje. Akanirudisha Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilikuwa ikipeleka masomo redioni, na nyumbani redio ilikuwa moja, simu moja, madarasa ya kila namna. Oktoba waliitwa wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4. Waliobaki walingoja hadi Januari 2021. "Nikimshika huyu, yule ametoroka, kaka yangu," akaniambia. "Nikasema basi, sote tufanye kazi moja, kila mtu kwa kimo chake."

Maneno hayo nimeyaandika nikayapigia mstari. Tunazoea kudhani kwamba watoto wa umri tofauti ni mzigo kwa anayefundisha, kwa sababu shule imetuzoesha kuwapanga kwa madarasa. Kazi ya mikono haina shida hiyo. Udongo lazima uchambuliwe vijiwe, na mtoto wa miaka minne anaweza, tena anapenda. Wa miaka minane anaukanda na kuuchanganya na mchanga. Wa kumi na miwili anainua kuta za chungu kwa vidole, pole pole, bila gurudumu, kama wafinyanzi wa pwani hii walivyofanya tangu zama za Kwale. Mkubwa kuliko wote ndiye wa moto, na ndiye aliyepewa kitabu asome kwa sauti wenzake wakiwa na mikono michafu. Anayejua kusoma anawasomea wasiojua, na wote wanatoka na historia ileile.

Kisha chungu kimoja kikapasuka motoni. Mlio wake uliwashtua wadogo. Mama hakutoa mawaidha; aliwaonyesha kigae na kuwauliza kwa nini hiki kimepasuka na vile vimesimama. Walibishana mpaka wakafika wenyewe: hakikukauka vizuri kivulini, na mchanga wake ulikuwa haba, kwa hiyo unyevu ulipogeuka mvuke haukupata pa kutokea. Wafinyanzi wa kale walitia mchanga, au vigae vya zamani vilivyopondwa, kwa sababu hiyohiyo. Mtoto aliyelifikia jawabu hilo mbele ya moto amezungumza na mtu wa karne ya 3 kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa.

*

Mjadala wa sheria haukwepeki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi wa Kenya ampeleke mtoto shuleni, na familia chache zinazofundisha nyumbani mwaka mzima huishi na swali hilo juu ya vichwa vyao. Mimi ninasema juu ya Jumamosi, jioni na likizo, saa ambazo hakuna sheria inayomzuia mama au nyanya kuwa mwalimu.

*

Nina neno na wanaoandika kazi za mradi za mtaala wa umilisi. Nia ya mtaala ni njema: mtoto atende. Lakini mzazi mwenye watoto sita anapoambiwa anunue manila, gundi, rangi, na akachapishe picha saiba, mradi umekuwa gharama, na mara nyingi anayekata na kubandika usiku ni mzazi mwenyewe. Nyumba ya manila ikishapewa alama hutupwa. Kipimo changu ni kimoja: kitu cha historia alichokitengeneza mtoto kitumike. Chungu kitiwe maji, mkeka ukaliwe, upawa wa kifuu uteke mchuzi. Kikishindwa kazi, mtoto atajua bila kuambiwa, naye atarudia.

Wazo hili pwani hii si geni. Miaka ya 1980 Bi Swafiya Said alipozunguka Mombasa akiasisi shule za chekechea ndani ya madrasa, walimu walifundishwa kutengeneza vifaa vyao kwa vifuu, makumbi, mbegu, kombe za baharini na vibao. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Ulidumu kwa sababu vifaa havikuhitaji kuagizwa kutoka popote.

*

Bi kizee mmoja wa mtaa huu amekubali kuwafunza ukili watoto hao. Nilipomwamkia na kumuuliza ataanza na somo gani, alicheka. "Marahaba mwanangu. Ukili haufundishwi kwa mdomo. Waje wakae." Wamekaa. Wadogo wanachambua ukindu uliokauka na kuupanga kwa urefu, wa kati wanauchana kwa sindano, wakubwa wanasuka ule utepe mrefu ambao baadaye utaungwa ukawa mkeka. Rangi huchemshwa mchana wazee wakiwepo.

Ningeomba wazee hao wawaambie watoto jambo moja zaidi. Mtepe, chombo cha pwani hii kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, kilisafiri kwa tanga la mkeka. Msafiri Mgiriki aliyeandika juu ya pwani yetu katika karne ya 1 BK tayari alitaja vyombo vya kushonwa. Mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe mpya ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, ili ujuzi usipotee, na Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Ujuzi ukiwekwa mahali pamoja unaweza kufukiwa siku moja. Ukiwekwa katika vidole vya watoto wa nyumba kumi, ni vigumu zaidi kuupoteza.

*

Onyo moja, nalo ni zito. Kila kitu tunachokihitaji kiko karibu, na si kila kilicho karibu ni chetu kuchukua. Waa ina kaya yake, yaani msitu mtakatifu, na chini huko Diani ipo Kaya Kinondo, iliyotiwa mwaka 2008 katika Urithi wa Dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Anayeingia Kinondo hujifunga kaniki nyeusi, na hatoki na kitu, hata jani. Kijiti cha msituni kisikatwe kwa ajili ya mradi. Mpeleke mtoto, aongozwe na wazee wa kaya, atazame, atoke mikono mitupu. Hiyo nayo ni historia ya mikono. Matumbawe hai ya baharini yaachwe vilevile. Ukitaka watoto waelewe ukuta wa kale wa matumbawe kama wa Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, tumia vipande vya mawe vilivyobaki kwenye machimbo na uunge kwa udongo badala ya chokaa. Chokaa mbichi inaunguza ngozi na macho, wasiiguse watoto.

*

Kwa jioni, bao. Mbao zikikosekana, chimbeni mashimo mchangani: safu nne, kila moja mashimo manane, na kete sitini na nne. Komwe ndizo kete za asili, na mtoto anayezigawa kwenye mashimo anafanya hesabu bila kuombwa. Nimemwona wa gredi ya 2 akimfunga kakake wa sekondari, na nyumba nzima ikasimama kushangilia.

*

Wengi wananiuliza kuhusu kamba, kwa kuwa watoto wakishasikia habari za mtepe hutaka kushona jahazi lao. Hilo linawezekana, ila halina haraka. Makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani linalofunikwa na maji ya bahari, yakakaa miezi kadhaa mpaka nyama yake ioze; ndipo hufukuliwa, yakapigwa kwa gongo, yakaoshwa, na nyuzi zikasokotwa kwenye paja. Chagueni mahali pa kina mama wanaoijua kazi hiyo, ombeni ruhusa, na kila mtoto atie alama kwenye fungu lake. Anayetaka kusokota likizo ya Desemba, makumbi yake yafukiwe mwezi wa Agosti, maji yakiwa yamekupwa.