Funga injini, toa kete

Kila mara kuna kijana anayeniuliza swali lile lile: "Kaka, nataka kutengeneza gemu. Nianze na Unity, Unreal au Godot?" Nimelijibu kwa upole mpaka nimechoka. Leo najibu bila upole: usianze na yoyote. Tafuta karatasi, kalamu na kete kumi, halafu uketi.

Sifanyi mzaha. Kinachoua gemu zetu kabla hazijazaliwa si uhaba wa tarakilishi zenye nguvu, wala si stima kupotea. Ni imani kwamba gemu ni picha. Kijana anapakua gigabaiti kadhaa kwa pesa za chakula cha mchana, anafuata video za mafunzo, anapanda nyasi, anainua mlima, anaweka jua linalotua. Miezi sita baadaye ana mlima mzuri ajabu, lakini hakuna cha kufanya juu yake. Anavunjika moyo, anafuta kila kitu na kusema kazi hii si ya watu kama sisi. Huyo tumempoteza.

Namjua kwa sababu nilikuwa yeye. Nikiwa chuoni nilimaliza mwaka mzima nikijenga gemu ya mbio za matatu. Matatu yangu ilikuwa na michoro ubavuni, vioo vinavyometa, hata moshi. Mwenzangu wa hosteli aliiendesha dakika mbili, akanigeukia na kuuliza, "Sasa?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimewahi kujiuliza mchezaji anataka nini, nini kinamzuia, na akikosea anapoteza nini. Mwaka mzima, jamani!

Sasa tazama bao. Mashimo 32, kete 64, watu wawili. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi. Wakati wa namua unaingiza kete moja kila zamu. Za mkononi zikiisha, mnaingia mtaji. Hakuna picha hata moja, lakini wazee wa Pwani hukaa barazani jioni nzima wakitambiana. Mbona? Kwa sababu uamuzi unauma: niicheze nyumba yangu sasa, au niilinde? Huo ndio usanifu wa gemu. Aliyebuni bao hakuwa na kadi ya michoro.

Historia ya tarakilishi nayo inasema hivyo hivyo. Pong ya mwaka 1972 ilikuwa vijiti viwili na nukta moja. Allan Alcorn wa Atari alipewa kama zoezi la kujifunzia. Mwaka 1984, huko Moscow, Alexey Pajitnov aliandika Tetris kwenye Elektronika 60, mashine isiyoweza kuonyesha michoro, kwa hivyo matofali aliyachora kwa mabano. Snake iliingia kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, na wengi wetu tumegombania simu ya mama kwa sababu yake. Yote matatu yalikuwa na sheria nzuri kwanza.

Basi fanya hivi. Kwanza, andika sheria tano kwenye karatasi na ucheze na mtu. Pili, andika Pong yako mwenyewe, kwa Python na Pygame au kwa Javascript ndani ya kivinjari. Laptopu kuukuu inatosha. Utakutana na moyo wa kila gemu duniani, yaani kitanzi: soma vitufe, badilisha hali, chora, kisha urudie, tuseme mara 60 kwa sekunde.

Hapo ndipo utajifunza yale ambayo video hazikuambii. Ukiandika "sogeza mpira pikseli 5 kila mzunguko", mashine inayofikisha mizunguko 60 itausogeza pikseli 300 kwa sekunde; ile ya cyber inayofikisha 30 itausogeza 150. Msimbo ni mmoja, lakini wachezaji wawili wanacheza gemu mbili. Dawa ni kupima muda uliopita tangu mzunguko uliotangulia, kisha kuuzidisha kwa kasi. Aliyelitatua tatizo hili kwa mkono wake mara moja halisahau.

Wapo watakaosema injini huokoa muda. Ni kweli, nami naitumia Godot. Lakini chombo usichokielewa hakikutumikii, kinakutawala. Septemba 2023 Unity walitangaza ada itakayotozwa kulingana na idadi ya watu wanaosakinisha gemu. Watengenezaji wakapiga kelele, na Septemba 2024 ada hiyo ikafutwa. Mwaka huo mmoja ulikuwa mtihani. Aliyejua kitanzi, migongano na hali ya gemu angeweza kufungasha virago na kuhamia kwingine. Aliyejua tu mahali pa kubofya alibaki akisubiri huruma.

Kwa hivyo hasira yangu si kwa vijana. Ni kwetu sisi tunaojiita walimu. Tunauza kozi za miezi mitatu, tunaonyesha menyu na vitufe, tunatoa cheti chenye mhuri, na mwanafunzi anaondoka bila kumaliza gemu hata moja. Hatujamfundisha kutengeneza gemu. Tumemfundisha kupamba nyumba isiyo na msingi. Kozi yoyote ambayo haimdai mwanafunzi gemu moja ndogo iliyokamilika, iliyochezwa na mtu asiye rafiki yake, isiitwe kozi ya gemu.

Nawe unayesoma, usitungoje. Jioni ya leo tafuta kete, au vifuniko vya soda, au mbegu za maembe. Andika sheria, kisha mwite mdogo wako mcheze. Akiomba raundi ya pili, una gemu. Kesho fungua tarakilishi. Akikuuliza "Sasa?", rudi kwenye karatasi. Utakuwa umepoteza jioni moja tu. Mimi nilipoteza mwaka.