Mchaichai na Homa ya Mtoto

Hapa Babati mchaichai hupandwa uani. Majani yake huchemshwa, maji yakanywewa kwa mafua, tumbo kujaa gesi na homa, au hutiwa katika nyungu ya kujifukiza. Desturi hii si ya kudharauliwa. Wataalamu wamekuta katika mafuta yake kitu kiitwacho sitrali, ndicho kitoacho harufu ya ndimu. Nacho katika maabara huua baadhi ya vijidudu na ukungu. Lakini chupa ya maabara si mwili wa binadamu.

Yafaa basi tuujue mpaka wake. Mwenye mafua akinywa chai hiyo hupata maji na nafuu. Bali mtoto mwenye homa huenda ana malaria, nayo isipotibiwa yaweza kuwa kali baada ya saa 24 tu. Apelekwe hospitali siku ile ile, apimwe damu. Akikutwa na vimelea apewe dawa mseto, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kujitibu. Basi enyi wazazi, mchaichai uwe kinywaji, usiwe sababu ya kumchelewesha mgonjwa.