Mapatano ya 415
Wapigaji wa muziki wa kale wa Ulaya wana nambari wanayoiheshimu mno: 415. Ndiyo mitetemo ya noti ya A kwa sekunde wanapolinganisha ala zao kabla ya kupiga muziki wa mtunzi Bach, badala ya 440 ya okestra za leo. Msikilizaji hudhani hiyo ndiyo sauti ya karne ya 18, kumbe karne hiyo haikuwa na kipimo kimoja. Paris ilishuka hadi karibu 392, Venice ikapanda kukaribia 440 yetu, na kule Leipzig kinanda cha kanisa kilikuwa juu kuliko ala nyingine, hata Bach akalazimika kuandika sehemu ya kinanda toni nzima chini ili ala zote zikutane. Siri ya 415 ni ya kifundi zaidi: iko nusu toni chini ya 440, basi ukisogeza vibonye vya harpsikodi hatua moja, ala ile ile inatumika kwa vipimo vyote viwili. Mwanahistoria wa muziki Richard Taruskin aliwachokoza wapigaji hao miaka ya 1980 kwa kudai kwamba huo wanaouita ukale ni ladha ya karne ya 20. Naona alisema kweli, wala si aibu. Nyuzi za utumbo wa kondoo wanazotumia zimetupa Bach mwepesi, mwenye mguu wa dansi, na huyo simrudishi. Kinachoniudhi ni vijitabu vya maonyesho vinavyoahidi sauti aliyoisikia Bach mwenyewe. Viandike tu kipimo kilichochaguliwa, na kwa nini.