Tumewafundisha wasichana, na wavulana je?

Vijana wapendwa, kila tarehe 1 Desemba twamkumbuka Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 kwa kumkatalia kanali aliyemtaka kwa nguvu. Kwa miaka mingi nimewafundisha wasichana ujasiri wake. Nakiri kosa langu: sikuwauliza wavulana habari za yule kanali. Ni nani aliyemfundisha kwamba neno “hapana” ni tusi?

Somo hilo lahitajika leo katika vyuo vyetu. Husemwa kwamba kunyamaza ni kukubali. Katika jambo hili msemo huo hautufai. Mwenye hofu hunyamaza. Aliyelewa pombe hawezi kukubali. Aliyekubali jana aweza kukataa leo. Na mwalimu anayedai mwili wa mwanafunzi ili ampe pointi haombi, bali analazimisha. Sheria yetu ya tarehe 20 Julai 2006 humwadhibu.

Wengine huhofu kwamba somo hili ni ruhusa ya uzinzi. Sivyo. Asiyeheshimu “hapana” ya mwenzake hajaanza bado safari ya usafi wa moyo.

Katika mkutano wenu ujao, lijadilini swali la kanali. Wavulana na wajibu kwanza.